Kilichozikwa Wawi

Jumatatu, 5 Agosti

Chake nzima inanuka karafuu, mimi peke yangu nanuka formalini ya kuhifadhia nyama, na hasira niliyonayo leo nikiipeleka nyumbani mume wangu atakwenda kulala kambini na wachumaji.

Asubuhi nimeletewa kikopo kutoka chumba cha upasuaji. Ndani yake mna kipande cha nyama sawa na ukucha wa kidole changu cha mwisho. Mgonjwa ni Bi Jawaher wa Wawi, kafanyiwa upasuaji wiki iliyopita, kaondolewa uvimbe kwenye utumbo mwembamba, na jana karudishwa kwao. Nikamuuliza muuguzi uvimbe wenyewe uko wapi. Akatazama dari.

"Wamepewa wenyewe, daktari."

Nikapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Dokta Soud, mpasuaji wetu mkuu. Nimemkuta anakunywa chai.

"Ulitaka nifanyeje, Mardhiya? Mtoto wake kasimama mlangoni, anasema nyama ya mama yake haitupwi jaani. Nimemkatia yako kidogo, iliyobaki nikampa."

"Nani kasema inatupwa? Inapita kwangu kwanza, kisha wanazika. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Kwako inakaa wiki. Na yeye ana watu mikarafuuni wanamngoja."

Simlaumu mtu kwa kuzika. Nimezaliwa Chokocho, kaka yangu alipokatwa kidole na panga bibi alikiosha, akakivisha kitambaa, akakizika nyuma ya jiko, na sote tukanyamaza kwa heshima. Lakini kidole hakina la kutwambia. Uvimbe unalo. Mimi ndiye daktari wa patholojia hapa, kazi yangu ni kuusikiliza, na wameshaufukia kabla sijausalimia kwa sababu karafuu zimeiva.

Jumatano, 7 Agosti

Umeme haukuwepo kutwa. Sikufanya kitu na bado nimechoka.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekitazama kipande kwenye hadubini. Seli nyingi zimesagika, maana kisu kimepita ukingoni, na koleo nayo imeminya. Chache zilizosalimika zinatosha kunambia aina ya uvimbe: umetokana na zile seli za utumbo zinazotengeneza homoni. Saratani ya aina hii huenda polepole, na huyu mama picha zake zinaonesha imeshatupa mbegu kwenye ini.

Niandike hapa kwa nini hasira yangu haiishi. Utafiti wetu unatafuta vipokezi vya homoni kwenye saratani za tumbo na utumbo. Homoni hizi, zinazoitwa za peptidi, huzunguka na damu na kupiga hodi kwenye seli. Kipokezi ndicho kinachoitika. Seli isiyo na kipokezi haisikii hodi yoyote. Basi iko sindano ya kila mwezi inayoigiza homoni mojawapo, na seli ya uvimbe ikiitika inatulizwa, inapunguza kumwaga sumu yake, mgonjwa anapata nafuu ya kuharisha na ya lile joto linalopanda usoni, na uvimbe wenyewe unakawia kukua. Mpango wa huko bara unatoa sindano hizo kwa wagonjwa wa visiwani, kwa sharti moja tu, tuwaoneshe vipokezi.

Nimeipaka rangi sampuli ya Bi Jawaher. Kipokezi kikiwepo, ukingo wa seli huwa kahawia. Sikuona kahawia yoyote. Lakini vilevile sikuwa na seli nzima za kutosha kuona chochote, na kipande chenyewe kimekwisha. Nimeandika: sampuli haitoshi, haiwezekani kusema.

Jumatano, 14 Agosti

Nabhan, mtoto wa Bi Jawaher, kaja mwenyewe ofisini. Kijana mpole, ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Nilijitayarisha kumgombeza na nikashindwa kuanza. Akafunga mlango kabla hajakaa.

"Daktari, nakuomba kitu kimoja. Mama hajui. Tumemwambia kidole tumbo."

"Kidole tumbo? Umri ule?"

"Akiambiwa saratani atakufa siku hiyo hiyo. Mimi namjua mama yangu."

Nikamwambia mgonjwa ana haki ya kujua. Akanambia haki anaijua, ila mama ni wake. Kisha akaniuliza kama dawa ipo, kwa sauti ya mtu ambaye halali, nikamweleza habari ya vipokezi na kwamba kile alichokizika ndicho nilichokuwa nakihitaji. Kaweka mkono kinywani. "Nilidhani namstiri," akasema. Nikamuahidi kuwa mama yake hatayasikia kwangu.

Nimekasirika na nimemhurumia, na sipendi vitu hivi viwili vikija pamoja.

Ijumaa, 16 Agosti

Mvua ya ghafla baada ya sala. Barabara yote watu wanakimbia na majamvi ya karafuu vichwani.

Jumanne, 20 Agosti

Wamekataa. Soud kanipigia simu kunipa habari, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Bara wamesema hawezi kupewa sindano. Hana vipokezi."

"Nani kawaambia hana?"

"Wewe. Umeandika hukuona."

"Nimeandika sampuli haitoshi!"

"Ni mamoja, Mardhiya. Nimewafupishia."

Kawafupishia! Mtu akiingia chumba chenye giza akasema sikuona kitanda, huyu anatoka nje anatangaza kuwa nyumba haina kitanda. Nikamwambia tukatoe nyama kwenye ini. Akakataa, na hapo siwezi kumpinga: damu ya yule mama haigandi vizuri, na madoa ya saratani kwenye ini yamejificha karibu na mshipa mkubwa. Atavuja damu kwa ndani. Ile mashine ya kuvipiga picha vipokezi mwilini haipo visiwani. Kwa hiyo mlango umefungwa, na aliyeufunga anakunywa chai.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimekwenda Wawi. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona mtu ambaye wote tunamsemea.

Nyumba yao ni ya zamani, ukuta mnene, imebakia na shamba dogo la mikarafuu nyuma. Bi Jawaher nimemkuta ukumbini kakaa kitako kwenye mkeka, mbele yake lundo la karafuu mbichi, anachambua. Vidole vyake vinatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, bila ya yeye kutazama. Zulekha, mke wa Nabhan, alikuwa ubavuni pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Weye ndo daktari wa maabara? Nambie, maabara mnachungua nni siku zote hizo?"

"Tunachungua... tunachungua tu, bibi."

"Enhe. Kazi njema hiyo."

Kanitazama kidogo zaidi ya ilivyopasa, akarudi kwenye karafuu zake. Tukazungumza bei, mvua, wachumaji wa siku hizi wanaovunja matawi. Katikati ya maneno uso wake ukawaka. Ni mweupe, wa asili ya Kimanga, ya Omani, na wekundu ulianza kifuani ukapanda shingoni mpaka kwenye paji la uso, ukakaa hapo. Akafunga macho, akangoja umalizike.

"Jirani zangu wanasema najipaka rangi uzeeni," akasema. "Wengine wanasema shetani. Nimefukizwa ubani mpaka nyumba ikataka kuwaka. Kidole tumbo gani hichi kimeshatolewa na joto haliondoki?"

Kisha akainuka haraka, akashika ukuta, akaelekea chooni. Nimekaa na aibu yangu mpaka aliporudi. Hakukaa sana, akaenda tena.

Nikabaki na Zulekha. Nikashindwa kujizuia. Nikamwaga yote kwa sauti ya chini: kwamba mama mkwe wake ana dawa duniani inayoweza kumtuliza, kwamba ananyimwa kwa kukosa kipande cha nyama, kwamba nyama yenyewe imeoza nyuma ya nyumba yao hii hii.

"Angalau mngeiacha kwenye dawa yake!" nikasema.

Mkono wa Zulekha ukasimama juu ya karafuu. Aliponisindikiza, tulipofika penye mgomba wa mwisho, akanishika kanga.

"Daktari, kunradhi. Nabhan usimwambie. Aliniachia mie niioshe kisha nizike, yeye akakimbilia shamba. Nikafungua kidogo tu, ile harufu ikanichoma macho, machozi yakanitoka. Nikaogopa. Nikaifunga tena nguvu zangu zote, nikaitia kwenye kitambaa cheupe, nikaizika vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Na chupa yake."

Barabarani watu wamenitazama nikicheka peke yangu.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeamka na hasira mpya. Hospitali imemkabidhi mwanamke wa nyumbani chupa ya formalini bila ya neno moja la tahadhari. Ingempofua. Na ujinga huu ndio pekee uliotusaidia, kwa hiyo hata kumshukuru mtu siwezi bila ya kusaga meno.

Jumatano, 28 Agosti

Zulekha kamwambia mumewe mwenyewe, sijui kwa maneno gani. Nabhan kaja kwangu uso umemshuka. Anataka na hataki.

"Kufukua kilichozikwa, daktari? Msimu huu, shamba limejaa watu? Watasema tunamroga mama."

Tukakubaliana tumuulize Shehe Zubeir wa msikiti wao. Nilimtarajia mzee wa kukohoa kabla ya kila neno, akaja kijana na pikipiki, helmeti mkononi. Kasikiliza mpaka mwisho.

"Kilizikwa kwa ajili ya heshima yake," akasema. "Kama sasa kinatakiwa kwa ajili ya uhai wake, mie sioni uzito. Lakini ni mwili wa mtu aliye hai, ana akili zake. Yeye mwenyewe kasema nini?"

Nabhan akatazama viatu vyake.

"Hajui," nikasema mimi.

"Hajui lipi? Kuwa kimezikwa au kuwa anaumwa?"

"Yote."

Shehe kavaa helmeti yake. "Basi mmekuja kuniuliza mie kabla ya mwenyewe," akasema, na pikipiki ikaondoka.

Jumatatu, 2 Septemba

Nabhan hapokei simu.

Alhamisi, 5 Septemba

Hapokei. Mvua tena. Zulekha kaniletea ujumbe kwamba karafuu zao za jamvini zimeingia ukungu na kwamba mama kaanguka chooni.

Jumamosi, 7 Septemba

Bi Jawaher kalazwa. Nimempitia wodini baada ya kazi. Kawekewa dripu, mdomo umemkauka, macho yameingia ndani. Soud kapita, kamwambia anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri!

Tulipobaki wawili akaniita kwa kidole.

"Nikwambie linaloniuma? Si tumbo. Nnatawadha, nikisema Allahu akbar, udhu umeondoka. Nnarudi nnatawadha tena. Adhuhuri inanikuta, Alasiri inanikuta, sijamaliza rakaa. Wanambia mgonjwa ana ruhusa zake, na mie nazijua. Lakini nataka kusali sala moja, mwanangu, toka mwanzo mpaka salamu, kama mtu. Mwaka mzima sijaipata."

Nilimshika mkono. Nilikuwa na jawabu la kumpa na nikakaa kimya kwa sababu nilimuahidi mtoto wake. Nimetoka nje nikalia kwenye gari. Mpaka leo nilikuwa nawakasirikia Soud, Nabhan, msimu, umeme. Leo nimeona kwamba kwenye kimya hiki mimi nimo, nimeketi mstari wa mbele. Kesho anatoka, na kesho nakwenda Wawi.

Jumapili, 8 Septemba

Nitaiandika yote.

Nimefika wamekwishamrudisha nyumbani. Nabhan alikuwa ukumbini. Nikamwambia, "Nimekuja kumwambia. Ama unamwambia wewe nami nikusaidie, ama nasema mimi." Akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mama yake, mikono kaitandaza, mtu mzima na ndevu zake.

"Hutoingia, daktari. Wallahi hutoingia."

"Nabhan," ikaja sauti kutoka ndani. "Ondoka mlangoni, unanizibia upepo."

Tukaingia. Bi Jawaher kajiinua kwenye mito. Zulekha alikuwa anampepea. Nabhan akaanza: mama, unajua, daktari amekuja, lile tumbo lako. Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Nikataka kumsaidia, mama yake akanyoosha kiganja kunizuia.

"Mwache. Nnamngoja mwezi mzima, sasa ukimtoa maneno kinywani nitakuwa nimengoja bure."

"Unangoja nini, mama?" Nabhan akauliza.

"Siku ile mliyonileta kutoka hospitali nililala dirishani hapa. Nikamwona mkeo kashika jembe, kitambaa cheupe mkononi, analia. Kachimba pale nyuma ya jiko. Nikasema, kidole tumbo gani kinaliliwa? Nikasema, wacha, mwanangu atakuja kunambia. Leo, kesho. Ukaja ukanambia bei ya karafuu. Ukaja ukanambia bati zimepanda. Kila ukiingia nnasema, ndo leo."

Nabhan akapiga magoti pale sakafuni. "Niliogopa, mama. Nilisema ukijua utakufa."

"Na nisipojua nitaishi? Ulinionaje weye? Baba yako nilimwosha kwa mikono yangu hii. Mmenizika nusu bila ya kunambia, nusu mkaniacha ukumbini nichambue karafuu!"

Uso wake ulikuwa umewaka tena, lakini mara hii sikujua kama ni homoni au ni ghadhabu, na nilitamani iwe ghadhabu. Zulekha kaacha kupepea.

Kisha akanigeukia mimi. "Na weye. Unachungua nni huko maabara?"

Nikamwambia. Saratani, nikaitaja kwa jina lake. Ini. Vipokezi, nikamweleza hodi na kuitika. Nikamwambia sindano haiponyeshi kabisa, inatuliza na inakawiza. Nikamwambia kuwa bara wamesikia hana vipokezi, na kwamba hakuna aliyetazama sawasawa. Alisikiliza kwa makini na akaniuliza maswali mazuri kuliko ya mkutano wetu wa madaktari. Mwisho akauliza:

"Ile nyama ikipatikana, itasema?"

"Huenda. Sina hakika."

"Shehe kasemaje?"

"Kasema tukuulize wewe."

"Alhamdulillahi, kuna mmoja mwenye akili." Akateremsha miguu kitandani. "Utumbo ni wangu. Zulekha, jembe liko wapi?"

Hakukubali kubaki ndani. Nabhan kamtolea kiti, akaketi kajifunga shuka, na Nabhan mwenyewe akachimba. Wachumaji wawili walisimama mbali, vikapu mabegani. Bi Jawaher akawapungia mkono. "Pitieni tu, jamani, natafuta changu!" Wakacheka, wakaenda zao, na ule uvumi aliouogopa Nabhan siku zote hizi ukaishia hapo.

Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo. Chupa nzima, kifuniko hakijalegea. Nilipoinyanyua juani nikaona uvimbe ndani, mweupe, umejikunja. Nabhan aliangalia pembeni. Mama yake hakuangalia pembeni.

"Ndo wewe," akauambia. "Sasa nenda ukaseme kweli."

Jumanne, 10 Septemba

Soud kasema napoteza muda. Nyama iliyolala kwenye formalini kiasi hiki, vipokezi vyake vinafunikwa, rangi haivifikii. Kinachonikera ni kuwa katika hili ana haki nusu. Na chupa ilikuwa ndogo, dawa haikufika kati, huko ndani kumeoza. Lakini ukingo umesalimika vizuri sana.

Nikamkumbusha kwamba kwa utaratibu wetu wa hospitali, mabaki yote yasiyochukuliwa yanachomwa kwenye tanuri. Kama familia ile isingeng'ang'ania kuzika, leo kungekuwa na majivu. Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilikuwa nawapigia kelele. Soud akasema, "Kwa hiyo tuanze kuzika kila kitu?" Niliendelea kukata vipande.

Ijumaa, 13 Septemba

Hakuna kahawia. Hakuna hata kivuli. Kipande cha kulinganisha, cha mgonjwa mwengine tunayejua ana vipokezi, kimeshika rangi vizuri mno, kwa hiyo dawa hazina kosa.

Umeme ulikatika katikati ya kuchemsha vipande, jenereta ikachelewa, maji yakapoa. Soud kapita mlangoni akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake ningeitia kwenye chupa nikaizika.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Nimekaa nyumbani na nikasoma namna ya kuchemsha kwa nguvu zaidi vipande vilivyokaa sana kwenye dawa, ili vipokezi vifunuke. Mume wangu kasema hata leo? Nikamwambia hata leo.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimeazima jenereta ya Nabhan kutoka dukani kwake, nikaiweka ndani ya ua wa maabara ikinguruma kama ina ugomvi na mtu. Nimechemsha muda mrefu zaidi, kwa maji ya dawa makali zaidi, nikaogopa vipande vitang'oka kwenye vioo. Kimoja kiling'oka kweli. Vingine vimeshika.

Nikakaa kwenye hadubini.

Kahawia. Seli kwa seli, ukingo kwa ukingo, kila moja imezungushiwa kahawia nzito kama wanja. Si chache, si za kutafuta. Karibu zote. Vilikuwepo siku zote! Vilikuwepo Soud alipofupisha, vilikuwepo yule mama alipokuwa akishika ukuta kwenda chooni, vilikuwepo chini ya udongo nyuma ya jiko.

Nimemwita Soud aje atazame. Katazama kwa muda mrefu sana. Alipoinua kichwa akasema, "Nitawapigia bara sasa hivi." Nikasema nitakaa hapa nisikilize. Akapiga mbele yangu, akasema neno kwa neno: "Kosa lilikuwa langu." Sikulitarajia, na nusura linitibulie hasira yangu yote.

Jumamosi, 21 Septemba

Bi Jawaher kaja maabara kuona. Nabhan kamshika mkono mpaka kwenye kiti. Akafumba jicho moja kwa kidole, akatazama.

"Hivi vya rangi ya karafuu kavu?"

"Hivyo, bibi. Ndivyo vinavyoitika."

"Na walisema sina."

"Walisema."

Hakuliondoa jicho kwenye kioo. "Watu wanapenda kusema," akasema.

Kabla ya kuondoka kataka kilichobaki. Nimekiosha kwa maji kutwa nzima mpaka harufu ikaisha, nikampa kwenye kitambaa kipya, bila ya chupa. Zulekha kanambia baadaye kuwa bibi kaenda kukizika mwenyewe, na kwamba alikataa kusaidiwa hata kushindilia udongo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sindano ya kwanza kachomwa jana. Msimu unamalizika, majamvi yanakunjwa.

Asubuhi kwenye mkutano Soud katangaza utaratibu mpya: hakuna nyama itakayotoka chumba cha upasuaji bila ya kupita maabara, na familia itakabidhiwa salio baadaye, limeoshwa, kwa maziko. Kaueleza kama kitu alichokiota yeye. Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa meno yaliyofungwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Simu kutoka Wawi, sauti ya Bi Jawaher mwenyewe, haina salamu wala nini. "Nimesali Alasiri," akasema. "Yote." Akakata.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo picha za ini zimetoka. Madoa hayakukua. Hayakupungua pia, lakini hayakukua.

Nilikuwa nazo mkononi nilipomkuta Nabhan koridoni, kanzu yake imepigwa pasi. Mama yake alikuwa kwenye benchi, hatua chache nyuma, anafunga kamba za kiatu. Nabhan akanisogelea, akainamisha kichwa, akanong'ona:

"Daktari, nambie mie kwanza."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Baada ya yote yale! Nikamtazama, naye akanitazama, macho yamejaa woga uleule wa siku ya kwanza, na nikajua kwamba mtu huyu ataogopa hivi mpaka siku ya kumzika mama yake, na kwamba woga wake si kazi yangu.

Nikaufungua mlango wa ofisi wazi kabisa.

"Bi Jawaher," nikaita. "Karibu ndani, una majibu yako."